Nondo wa matembele: ukimkuta mabawa yamejikunja, tafuta ganda lake

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Niko Morogoro. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilienda nyuma ya nyumba kuchuma matembele, nikakuta mdudu mkubwa ameng'ang'ania kijiti pembeni ya tuta, tumbo nene, mabawa yamejikunja kama karatasi iliyolowa. Nikajua anakufa. Chini yake kulikuwa na matone ya maji mekundu mekundu hivi, mama mkwe akasema ile ni damu na akasema tumuue maana unga wake ukiingia machoni unapofusha. Nilivyorudi saa moja na nusu mabawa yameshanyooka, yamesimama juu kama ya kipepeo, saa tatu yameshuka kama paa la nyumba, ya kijivu. Nimeweka picha kwenye Google Lens imenipa majina matatu: Agrius convolvuli, Acherontia atropos na Hippotion celerio. Kwenye tuta nimeokota pia ganda la kahawia limepasuka, lina kitu kama mkono wa kikombe. Picha zote nimekutumia. Huyu ni nani, ana madhara, na ndo mama wa viwavijeshi au? Nimuue?

Jibu: Marahaba dada, na pole kwa kukaa na wasiwasi toka Jumamosi. Nianze na jibu lenyewe ili usisome yote haya roho ikiwa juu. Huyo ni nondo anaitwa Agrius convolvuli, mi huwa namwita nondo wa matembele kwasababu viwavi wake wanakula majani ya viazi vitamu na ndugu zake viazi vitamu wanaoota porini. Haumi, hachomi, hana sumu, hapofushi mtu, na sio mama wa viwavijeshi. Na hakuwa anakufa hata kidogo, ndo kwanza alikuwa ametoka ardhini, pengine nusu saa tu kabla hujafika na bakuli lako la mboga.

Nimesema jina moja bila kusitasita wakati simu yako imekupa matatu, na sababu sio mabawa, sababu ni lile ganda. Nitafika huko.

Tuanze na mabawa maana ndo yaliyokutisha. Nondo akitoka kwenye pupa, yani lile ganda ambalo kiwavi anageukia ndani yake kuwa nondo (nazungumzia nondo mdudu, mafundi ujenzi watulie) mabawa yake yanakuwa madogo madogo, laini, mazito, yamejikunja mgongoni kama nguo iliyotolewa kwenye beseni ikakamuliwa. Hawezi kuruka kabisa. Anachofanya anatembea kwa miguu mpaka apate kitu cha kupanda, kijiti, ukuta, shina la mpapai, chochote chenye mikwaruzo ya kushikia, anapanda akifika mahali pazuri ananing'inia, mabawa yanaelekea chini, halafu anaanza kusukuma damu kutoka tumboni kwenda kwenye mishipa ya mabawa. Ndo maana kwenye picha yako ya kwanza tumbo ni nene limevimba na mabawa ni madogo, na kwenye picha ya tatu tumbo limepungua, ile damu imeshafanya kazi yake. Mabawa kunyooka ni suala la kama nusu saa hivi, kukauka na kukakamaa ndo kunachukua masaa. Na hapo katikati, yakiwa yameshanyooka ila bado laini kama kitambaa, nondo wa aina hii huyasimamisha yote pamoja juu ya mgongo, kama kipepeo kabisa, anakaa hivyo mpaka yaanze kukakamaa halafu ghafla anayashusha yanakuwa paa. Wewe umepiga picha hatua zote tatu bila kujua, kwa simu, kabla ya chai. Kuna watu wanakaa na tochi usiku kucha kusubiri waone hivyo.

Kwa kawaida wengi wao wanatoka jioni au usiku ili mpaka kukuche wawe wameshakauka wamejificha. Huyu wako alichelewa, na mi nadhani ni kwa vile mvua imeanza huko kwenu na udongo umepoa, ila hilo ni wazo langu tu, wadudu nao wana siku zao.

Yale maji mekundu sasa. Sio damu, mwambie mama kwa upole. Damu ya nondo sio nyekundu, ni kama maji yenye ukijani au unjano kwa mbali. Kile ulichokiona ni uchafu. Fikiria, wiki mbili tatu amefungiwa ndani ya pupa, mwili wa kiwavi unavunjwa unajengwa wa nondo, mabaki ya ile kazi yanatunzwa tumboni kwasababu mle ndani hamna choo. Siku akitoka, wakati ananyoosha mabawa au akishamaliza, anayamwaga. Rangi inabadilika badilika, wengine inakuwa ya kahawia, wengine pinki, wengine kama chai ya rangi. Ukiona matone hayo chini ya nondo ujue huyo ni wa leo, hajaruka hata mara moja. Ni alama nzuri sana ya kumtambua aliyetoka sasa hivi na aliyechoka tu au aliyeumia, kwasababu nondo mzee naye unaweza kumkuta chini hawezi kuruka, ila mzee mabawa yake yamechanika pembeni, unga umepukutika, na chini yake hamna kitu.

Hapo hapo niseme jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Nikiwa mdogo, darasa la tano nadhani, nilimkuta mmoja kama wako nyuma ya banda la kuku, kwa huruma nikamchukua nikamweka kwenye kopo la siagi nikatoboa mfuniko apate hewa. Kopo la plastiki, ndani ni laini, hana pa kushika. Kila akipanda anateleza, akipanda anateleza, na saa inaenda. Jioni nafungua mabawa yamekauka yakiwa bado yamejikunja, na yakishakauka hivyo basi, hakuna dawa, hakuna kunyoosha na kidole wala na maji ya uvuguvugu kama nilivyojaribu. Aliishi siku mbili akitembea tembea kama mdudu wa ardhini. Kwahiyo wewe kutomgusa ulifanya jambo la maana kuliko unavyodhani. Kama siku nyingine utamkuta ameanguka chini kwenye matope au siafu wako karibu, mwekee kijiti kikavu chenye magome mbele ya miguu apande mwenyewe, kisimike wima mahali penye kivuli, ondoka. Usimshike mabawa, usimshike tumbo, na watoto wakae mbali kidogo.

Haya, kumtambua. Google Lens na iNaturalist mi nazitumia kila siku wala sizipondi, ila zinasoma picha, na picha nyingi zinazofundisha hizo programu ni za nondo aliyekomaa, aliyetulia, mabawa yamekauka. Ukiipa picha ya nondo wa saa kumi na mbili na nusu, mabawa yamekunjamana, michoro yote imebanana sehemu moja, inabahatisha tu. Na hata vitabu havisaidii sana hapo, kwenye vitabu wanamweka nondo mfu kwenye kibao, mabawa yamevutwa yamefunguliwa kwa pini mpaka yanaonyesha vitu ambavyo nondo hai akiwa amekaa hakuonyeshi. Wa kwako uzuri wake wote uko chini ya paa. Juu ni kijivu, kijivu na mistari ya kahawia na nyeusi iliyovurugika kama gome la mti, mtu anapita hapo mara kumi hamwoni. Ndo maana nasema nondo mpya usimsome yeye, soma alikotokea.

Ganda. Nimeikuza ile picha yako mpaka mwisho. Ni la kahawia linang'aa kama limepakwa vanishi, urefu kwa kulinganisha na kidole chako ni kama sentimita 5 na kidogo, limepasuka mgongoni nyuma ya kichwa, ndo mlango aliotokea. Ukiliangalia kwa makini upande wa tumbo utaona kila kiungo kimechorwa, miguu imekunjwa, vipapasio vimelala pembeni, mabawa kama vipande viwili vya pembetatu, yani ni kama kalibu ya tofali, kila kitu kilikuwa na nafasi yake. Ndani kuna nyuzi nyeupe nyembamba, sio utando wa buibui, ni ngozi ya ndani ya mirija yake ya kupumulia, nayo ameivua akaiacha. Na kwa nyuma kuna zile pingili ambazo pupa akiwa hai ndo sehemu pekee anayoweza kuizungusha. Sijui huko kwenu, sisi utotoni tukifukua pupa shambani tulikuwa tunalishika kichwani tunaliuliza "Dar iko wapi?" nalo linageuza mkia, tunabishana nani kaonyeshwa.

Sasa huo unaouita mkono wa kikombe. Huo ndo kitambulisho. Unatokea kichwani, unaachana na mwili, unajipinda kushuka, halafu ncha yake inajikunja kurudi kuugusa mwili. Wengine wanasema kama mkonga wa tembo, ila mkono wa kikombe ni sahihi zaidi, dada umeona vizuri. Ile ni ala ya ulimi. Nondo huyu ana mrija wa kunyonyea mrefu mno, unafika sentimita 10 hivi wakati mwili wenyewe ni kama 5, sasa ndani ya pupa ulimi wa urefu huo hautoshi kulala kifuani kama wa wenzake, inabidi utengenezewe nyumba yake pembeni. Nondo wengi wakubwa wa familia yake, Sphingidae, pupa zao hazina mkono huo, ulimi umelala umebanwa na mwili huwezi hata kuuona. Wenye mkono ni wachache, na anayepatikana chini ya tuta la viazi vitamu huku kwetu ni huyu.

Rudi kwenye picha yako ya kwanza kabisa, ikuze pale mdomoni. Unaona nyuzi mbili nyembamba zinaning'inia zimepishana? Ule ni huo huo ulimi, haujaungwa bado. Nondo anatoka ulimi ukiwa vipande viwili virefu, kila kimoja kama mfereji, na kazi yake ya kwanza kabla hata ya kuruka ni kuvikunja na kuvikunjua, kuvikunja na kuvikunjua, mpaka vibane pamoja viwe mrija mmoja. Kwenye picha ya saa tatu hauonekani tena, ameshauviringisha chini ya kichwa kama spring ya saa. Akivurugwa wakati anauunga ukaachia, hatakula maisha yake yote, na huyu tofauti na nondo wengine wakubwa anahitaji kula, tena sana.

Vitu vingine viwili vya kuthibitisha, hivi ukavitafute mwenyewe kwenye tuta. Kimoja ni kinyesi cha kiwavi. Kama mvua haijakiosha utakuta chini ya majani vipunje vikubwa, ukubwa kama pilipili manga au kuzidi, vina mifereji mifereji pembeni, vya zamani vimekuwa vyeusi. Kiwavi wa nondo huyu anafika sentimita 9 hivi, mnene kama kidole, mkiani ana pembe moja imepinda, na watu wengi wanaogopa hiyo pembe wakidhani ni mwiba wa sumu, sio, ni laini na haichomi mtu. Rangi ndo inawachanganya watu, wengine wa kijani, wengine wa kahawia iliyokolea, mpaka mtu anasema ana wadudu wa aina mbili kumbe wanaweza kuwa mtu na ndugu yake. Akishiba anaacha kula, anashuka, anatembea haraka haraka anatafuta udongo laini, halafu anazama. Kwahiyo kama wiki mbili tatu nyuma uliona au watoto waliona dude lenye pembe linakatiza uwanja kama limechelewa basi, alikuwa huyo huyo.

Kitu cha pili ni majani yenyewe, angalia yaliyoliwa kuanzia ukingoni kuja katikati, wakati mwingine jani zima halipo limebaki kikonyo. Yakiwa na matundu madogo madogo tu katikati hiyo ni kazi ya mdudu mwingine.

Sasa yale majina mengine mawili uliyopewa, tuyaondoe. Acherontia atropos ni yule mwenye picha kama fuvu la kichwa mgongoni, huyu kweli yupo Tanzania na anatisha watu kuliko wote kwasababu ukimshika analia, anatoa sauti kama ya panya. Ila yeye mabawa ya nyuma ni ya njano na tumbo lina njano pia, pupa lake halina mkono, na viwavi wake wanapenda ukoo wa viazi mviringo, biringanya, nyanya chungu na wenzao. Tena ni mwizi wa asali, anaingia mizingani usiku ananyonya, wafuga nyuki wanamfahamu. Ulimi wake ni mfupi mnene, wa kutobolea masega, hauhitaji mkono wa kikombe. Hippotion celerio ni mdogo kuliko wako, kahawia, na kwenye bawa la mbele ana mstari mmoja wa fedha umenyooka mpaka ncha ya bawa, huwezi kuukosa. Huyu usimwondoe kwa mmea tu maana naye anakula viazi vitamu na magimbi, mwondoe kwa mstari na kwa ganda.

Wa kwako, akishakauka vizuri, ana kitu kimoja kinachomaliza ubishi. Tumboni, kila pingili ina kipande cha pinki na cheusi pembeni, kushoto na kulia, katikati mstari wa kijivu. Pinki kali kabisa, kama kanga mpya kabla haijafuliwa. Akiwa ametulia huioni, imefunikwa na mabawa. Subiri jioni akiwa amekakamaa, mguse miguu ya mbele na jani la nyasi, ataachia mabawa kidogo utaiona. Asubuhi ile usingefanya hivyo. Na ukimwona wa wiki mbili mtaani kwenye taa ile pinki imeshafifia, kwahiyo huu ndo wakati pekee wa kumwona akiwa na rangi zake kamili. Kama unataka kujua dume au jike, tazama vipapasio, dume vyake vinene zaidi, jike vyembamba, wa kwako kwa ile picha ya pembeni naona ni jike lakini sitabishana na mtu.

Kuhusu viwavijeshi naelewa kwanini umeuliza, tangu yule kiwavijeshi wa Marekani aingie Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata, kila nondo anaonekana mshukiwa. Yule nondo wake ni mdogo, mabawa yote mawili yakifunguliwa ni kama sentimita 3 au 4, wa kwako ni 8 mpaka 12, yani wa mahindi angeweza kukaa juu ya bawa moja la huyu nafasi ikabaki. Tena wale wanataga mayai kwa mafungu ya mamia, huyu wako anataga moja moja, jani hili moja, jani lile jingine, ndo maana huwezi kuamka ukakuta wamefagia shamba usiku mmoja.

Unga wa machoni. Ule unga ni magamba madogo sana yanayofunika bawa, ndo yanayotoa rangi. Ukiingia jichoni utawasha kama vumbi lolote, osha kwa maji safi, basi. Mi nimewashika mamia na bado nasoma meseji za wasomaji bila miwani. Ila sitaki mama aonekane hajui kitu, kwasababu wapo viwavi wenye manyoya ambao kweli wanaleta balaa, washawasha, wale nywele zao zikiingia kwenye ngozi unajikuna usiku kucha na jichoni ni hospitali moja kwa moja. Naamini ile hofu ya wazee ilianzia kwa hao ikahamia kwa nondo wote. Kiwavi wa matembele hana manyoya, ni mtupu kama soseji.

Tufike kwenye kuua. Mi nasema usimuue, na sio kwa huruma tu. Kwenye picha yako ya tatu, nyuma kabisa, kuna mipapai miwili. Mpapai unachanua maua meupe au ya krimu, yana harufu inayopanda jioni, na nyuki mchana wanafanya kidogo lakini mgeni mkuu wa maua hayo ni nondo wa familia hii. Mtaalamu wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, na mwenzake Steven Johnson walilichunguza jambo hili kwenye mipapai ya wakulima Kenya na kulichapisha mwaka 2009, wakaona wanaobeba chavua kutoka mpapai dume kwenda jike ni nondo hawa, na huyu wa matembele ni mmoja wao. Ukimuua unapunguza mapapai. Na wakati huo huo usikate mpapai dume wote mtaani kwa vile hauzai, acheni angalau mmoja, la sivyo nondo atakuja na hatakuwa na cha kubeba. Kama mipapai yako ni ile mifupi ya kisasa yenye ua la jike na dume pamoja hiyo inajichavusha yenyewe, hapo nondo ni nyongeza.

Ndio, atataga kwenye matembele yako, sitakudanganya. Ila kwenye tuta moja la nyumbani utapata viwavi wangapi, watatu, wanne? Viazi vitamu vinachipua tena haraka sana. Ukiona majani yanaisha, pita jioni na tochi, kiwavi mkubwa hivyo anaonekana, mtoe kwa mkono mpe kuku, atakushukuru. Na ukivuna ukageuza tuta pupa zitatoka juu, ndege watamalizia. Pia wapo nzi na nyigu wanaotaga ndani ya viwavi hawa, ukimwona kiwavi amelegea usimguse, huenda ana wapangaji. Ninachokukataza kabisa ni kupulizia dawa. Hayo ni matembele dada, unachuma leo unapika leo, sasa dawa ya kusubiri siku kadhaa kabla ya kuvuna utaisubiri saa ngapi? Nimeshaona mtu anapulizia asubuhi na jioni mboga iko mezani, kwa sababu ya viwavi wawili.

Kama bado yupo au akija mwingine, kaa naye saa moja jioni. Ataanza kutetemeka mabawa, kwa nguvu, mpaka utadhani ana homa. Haogopi. Misuli ya kuruka haifanyi kazi ikiwa baridi, kwahiyo anaipasha moto palepale alipokaa, kama dereva wa lori anavyoacha injini ikinguruma alfajiri kabla ya kung'oa. Inachukua dakika kadhaa, halafu anaondoka kwa spidi ambayo macho hayafuati. Atasimama hewani mbele ya ua, hatui, anashusha ule ulimi wote, ananyonya, anahamia jingine. Ndugu zake wanaruka kutoka Afrika kila mwaka mpaka Ulaya, wanafika Uingereza, kwahiyo usitegemee abaki Morogoro kwa ajili yako.

Ganda lihifadhi kwenye kiberiti kitupu na pamba kidogo, lisikandamizwe, ule mkono unavunjika kirahisi. Na kabla mvua nyingine haijanyesha rudi kwenye lile tuta, futi moja mbili kuzunguka kile kijiti, utafute tundu la mviringo kwenye udongo, upana kama kidole gumba, kingo zake zimesukumwa kutoka ndani kuja nje. Ukilipata weka sarafu ya shilingi 200 pembeni yake ndo upige picha, nijue ukubwa wake, halafu nitumie. Katikati ya hilo tundu na kijiti ndo alipotembea akiwa na mabawa yamejikunja, na nataka kujua alitembea umbali gani.